Kipimo kimesema mtamba wangu hana ugonjwa wa Johne. Je, niamini?

*Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wa maziwa bandani hapa Rungwe. Miaka minne iliyopita nilinunua chotara wa Friesian mwenye mimba kutoka shamba kubwa. Alizaa kwangu mara mbili. Wiki chache baada ya uzao wa pili alianza kuharisha, kinyesi kama uji, hakikomi. Alikuwa anakula vizuri lakini anakonda, mwisho akavimba chini ya taya, tukamchinja. Daktari aliyemwona alisema huenda ni ugonjwa wa Johne. Sasa mtoto wake huyo wa pili, mtamba wa miezi 14, anaharisha wiki ya tatu, manyoya yamesimama, amekonda. Nilimpa dawa ya minyoo ya albendazoli miezi mitatu iliyopita. Tukamtoa damu, majibu yamekuja: hana Johne. Jirani mmoja ananiambia nimchome OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) kila mwezi kwa tahadhari, mwingine ananiambia niuze haraka. Ninaye pia dada yake mkubwa, uzao wa kwanza wa yule mama. Anakamuliwa na ana ndama jike wa miezi miwili anayemnyonya. Je, niamini majibu? Nimpandishe mtamba huyu? Na maziwa tunayokunywa na watoto hayana shida?*

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa ng'ombe uliyempoteza, na asante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio. Wengi huniandikia "ng'ombe anaharisha, nimpe nini?" nikabaki sina pa kuanzia. Wewe umenipa umri, ukoo, dawa na muda, kwa hiyo naweza kukujibu kwa kirefu.

Swali lako lina maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza, ni kitu gani kinamharisha mtamba huyu sasa hivi? La pili, je, alichukua vijidudu vya Johne kwa mama yake, vikiwa vimetulia tu ndani yake? Karatasi ya maabara uliyo nayo inakusaidia sana kwenye swali la kwanza, na kwenye la pili karibu haikusaidii kabisa. Watu wengi, sisi wenye taaluma tukiwemo, huchukua karatasi hiyo moja na kujibia yote mawili.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana bila kuujua mwendo wake majibu ya maabara hayasomeki. Jina ni la Mjerumani, Johne, na hutamkwa "Yone". Mwaka 1895 yeye na mwenzake Frothingham, wakiwa Dresden, walichunguza utumbo wa ng'ombe ambao kuta zake zilikuwa zimenenepa isivyo kawaida, wakaona ndani yake bakteria wanaofanana na wale wa kifua kikuu. Kweli ni ndugu wa ukoo mmoja. Na kama ilivyo kwa kifua kikuu, kinachotusumbua ni uvumilivu wake.

Ndama humeza vijidudu hivi katika wiki na miezi ya mwanzo ya maisha: kwa kunyonya chuchu yenye kinyesi, kwa dang'a (maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa) na maziwa ya mama aliyeambukizwa, kwa kulamba sakafu na ukuta wa banda. Kadiri anavyokua ndivyo inavyokuwa vigumu kumwambukiza. Vikifika mwisho wa utumbo mwembamba hupenya ukuta na kumezwa na askari wa mwili, zile seli ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi na kuwayeyusha. Bakteria wa kawaida angefia humo. Huyu hafi. Hukaa ndani ya askari yule yule na kuzaliana taratibu mno. Bakteria kama E. koli, akiwa na chakula na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu huhitaji siku nzima na zaidi kujigawa mara moja.

Mwili nao haukai bure. Huzungushia seli zake eneo lenye vijidudu na kuvibana pale pale. Katika kipindi hicho ng'ombe hatengenezi kingamwili nyingi (protini za damu za kupambana na vijidudu) dhidi yake, na vijidudu vinavyotoka na kinyesi ni vichache au havipo. Mnyama anakua, anapandishwa, anazaa, anakamuliwa, na hakuna mtu anayeona chochote. Kisha, mara nyingi baada ya kuzaa, ule mzunguko wa ulinzi unalegea. Hapo kingamwili hujaa kwenye damu, vijidudu humwagika na kinyesi kwa mabilioni kwa siku, na utumbo unanenepa hadi ushindwe kufyonza chakula. Protini ya damu huvujia ndani ya utumbo na maji hukusanyika chini ya taya, huku mnyama bado anakula na hana homa. Ng'ombe wengi huonyesha dalili wakiwa na miaka kati ya miwili na sita. Ulivyomweleza yule mama, kuanzia kuharisha baada ya uzao wa pili hadi kuvimba taya akiwa na hamu ya kula, inalingana sana na picha hii.

Sasa itazame karatasi yako. Kipimo cha damu walichofanya, bila shaka ni ELISA, hutafuta kingamwili. Kingamwili nimekuambia huja mwishoni. Ukichukua ng'ombe kumi wakubwa walioambukizwa ambao bado hawana dalili, kipimo hiki hukamata kama watatu tu, saba wanapita. Kwa mitamba ambayo haijafika miaka miwili, hupita karibu wote. Hata kipimo cha kinyesi, kiwe cha PCR kinachotafuta vinasaba vya bakteria au cha kuotesha bakteria maabara, hukwama pale pale kwa sababu mtamba mdogo bado hatoi vijidudu vya kutosha. Kuotesha kuna shida nyingine: ule uvivu wa bakteria hufanya majibu yachukue wiki 8 hadi 16.

Kwa hiyo "hana Johne" iliyoandikwa kwa mnyama wa miezi 14 ina maana moja tu: siku ile hakukuwa na kingamwili za kutosha kuonekana. Nilipokuwa mgeni kazini niliandika "hana maambukizi" kwenye cheti cha mtamba mmoja kwa majibu kama haya yako. Mwenyewe akamuuza kwa mama mmoja mjane aliyekuwa amekopa fedha za kikundi. Baada ya uzao wake wa pili yule ng'ombe aliharisha hadi akaisha, na niliyeitwa kumtazama ni mimi. Tangu siku hiyo sijaandika tena maneno yale kwa mnyama wa umri huo. Naandika kwamba kipimo hakikuona kitu, na pembeni naandika umri.

Lakini usiitupe karatasi hiyo. Kwa ng'ombe aliyekwisha kuanza kuharisha na kukonda kwa sababu ya Johne, kipimo hicho hicho hukamata zaidi ya wanane kati ya kumi, kwa kuwa wakati huo kingamwili zimeshajaa. Fuata hoja hii vizuri: kama kinachomharisha mtamba wako kingekuwa Johne, angekuwa katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, na katika hatua hiyo kipimo kingekuwa na nafasi kubwa ya kumnasa. Hakikumnasa. Ongeza kwamba ni nadra sana kwa mnyama wa chini ya miaka miwili kufikia hatua ya kuharisha kwa Johne, ingawa kwa aliyemeza vijidudu vingi sana akiwa mchanga hutokea. Basi uharo wa wiki hizi tatu, kwa uwezekano mkubwa, una chanzo kingine, na chanzo hicho huenda kikatibika wiki hii. Ukikaa unaogopa Johne, unaweza kumpoteza kwa kitu cha kawaida kabisa.

Cha kwanza ninachokifikiria ni minyoo bapa: ya ini, na ile ya tumbo ambayo ikiwa michanga hukaa kwenye utumbo mwembamba na kuharisha vibaya sana mitamba na ndama. Najua utaniambia kwamba ng'ombe wako hatoki bandani. Majani yake yanatoka wapi? Rungwe wafugaji wengi hushuka bondeni kukata majani kiangazi, kando ya vijito na kwenye majimaji, mahali konokono wanapoishi. Vimelea vya minyoo ya ini hutoka kwa konokono na kujibandika kwenye jani, ukilikata unamletea ng'ombe hadi kwenye hori. Na albendazoli uliyompa haimalizi kazi hii. Kwa kipimo cha minyoo ya kawaida haiui minyoo ya ini. Kwa kipimo cha juu huua iliyokomaa tu, na iliyo michanga inabaki na kuendelea kukua. Ile michanga ya tumbo nayo haiiwezi.

Tena minyoo hii inaweza kukudanganya kama Johne inavyokudanganya. Minyoo ya ini huchukua wiki kumi na zaidi tangu kuingia hadi kuanza kutaga, na ile ya tumbo huharisha ikiwa bado michanga, kabla ya yai hata moja kuonekana. Kwa hiyo maabara ikisema haijaona mayai kwenye kinyesi, bado daktari anaweza kuamua kutibu kwa kuangalia mazingira na dalili. Mwombe apime kinyesi kwa njia mbili, ya kuelea na ya kutuama. Mayai ya minyoo bapa ni mazito, hayaelei, na nimeona mara nyingi maabara ndogo zikifanya ya kuelea pekee na kuandika "hakuna mayai". Dawa achague yeye. Kuna zinazoua minyoo ya ini ikiwa michanga, kama triklabendazoli, na kuna zinazofaa kwa ile ya tumbo, na si dawa moja.

Yapo mengine ya kuangaliwa. Upungufu wa madini, hasa shaba, huharisha na kuchakaza manyoya, nawe hukunitajia jiwe la chumvi. Koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, huwasumbua zaidi ndama wadogo kuliko huyu, na mara nyingi huja na damu. Salmonela, bakteria wa utumbo, huja na homa na harufu kali. Basi mpime joto asubuhi kabla jua halijawa kali. Likizidi nyuzi 39.5 tunazungumza habari nyingine. Funua kope la chini utazame utando. Ukiwa mweupe kama karatasi ana upungufu wa damu, na hapo minyoo au magonjwa ya kupe kama ndigana baridi yanapanda juu kwenye orodha. Akigoma kula, akiharisha damu, akiwa na homa, akishindwa kuinuka, au macho yakididimia kwa kukosa maji, usisubiri jibu la mtu yeyote wa mbali kama mimi. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, aje amshike kwa mikono.

Kuhusu OTC ya kila mwezi, nakuomba usifanye hivyo. Oksitetrasaiklini ina kazi zake, lakini bakteria wa Johne, akiwa amejificha ndani ya seli, haimwondoi. Hakuna dawa inayoponya Johne. Katika nchi nyingine wamewahi kujaribu hata dawa za kifua kikuu cha binadamu kwa wanyama wa thamani kubwa. Dalili zilipungua kwa muda, vijidudu vilibaki. Dawa hizo zinahitajika kwa watu, kuzitumia bandani ni kuwanyang'anya wagonjwa. Na sindano ya kila mwezi "kwa tahadhari" itakuachia mabaki kwenye nyama na maziwa, pamoja na bakteria wengine waliozoea dawa, ili siku ndama wako akipata nimonia ya kweli OTC isimsaidie.

Sasa swali la pili, la alichobeba. Hapa sitakupa faraja rahisi. Tafiti zilipokusanywa pamoja zilionyesha kwamba kwa mama aliyekwisha kuwa na dalili za Johne, vijusi kama 39 kati ya kila 100 huwa vimeshaambukizwa tumboni. Kwa mama aliyeambukizwa bila dalili ni kama 9. Yule mama alianza kuharisha wiki chache tu baada ya kumzaa mtamba huyu, yaani alikuwa ukingoni kabisa alipokuwa na mimba yake. Kisha mtamba alinyonya dang'a yake na kukaa naye banda moja akiwa na wiki chache, umri ule ule mbaya kuliko wote, wakati mama anamwaga vijidudu. Kama ugonjwa wa mama ulikuwa Johne kweli, mimi ningemchukulia mtamba huyu kuwa ameambukizwa, hata maabara ikiniletea majibu hasi matatu.

Nimesema "kama". Johne ya yule mama haikuthibitishwa. Minyoo ya ini nayo hukondesha na kuvimbisha taya, na inaelekea walikula majani ya banda moja. Ndiyo maana uamuzi kuhusu mtamba huyu hauwezi kutoka kwenye damu yake yeye. Utatoka kwa ng'ombe mwingine, na ndiye ninayemhofia zaidi katika barua yako ingawa umemtaja kwa kupita tu: dada yake mkubwa.

Huyo ana kama miaka mitatu na nusu, amezaa karibuni, anakamuliwa. Kama mama yake alikuwa tayari na vijidudu wakati wa uzao wa kwanza, naye yumo katika umri ambao ugonjwa unaanza kujitokeza kwenye vipimo, na amefikia ule wakati wa baada ya kuzaa ambao ulinzi hulegea. Yeye ndiye wa kupimwa, kwa damu na kinyesi vyote viwili, kwa kuwa kila kipimo kina wanaokipita ambao kingine hukamata. Pamoja naye wapimwe ng'ombe wengine wote wa zaidi ya miaka miwili waliowahi kukaa na yule mama. Damu ichukuliwe kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia damu kuganda. Kinyesi kitolewe moja kwa moja kwenye njia ya haja kwa glovu mpya kwa kila mnyama, kisiokotwe sakafuni, kisha visafirishwe kwenye barafu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa, na Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro. Afisa mifugo wako awapigie kwanza aulize kipimo kipi wanacho kwa sasa na sampuli ifungwe vipi, maana nimeona wafugaji wakisafiri siku nzima na chupa isiyofaa.

Mambo mawili yanaweza kuharibu majibu kwa upande wa pili, yaani kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Ng'ombe akiwa amechomwa kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, kile cha tuberkulini, katika wiki za karibuni, kingamwili zinaweza kuamka na ELISA ikasoma chanya. Mwambie daktari kama kimefanyika. Na ndama mdogo hubeba kwenye damu kingamwili alizonyonya kwenye dang'a, kwa hiyo yule wa miezi miwili usimpime kabisa. Ukimkuta chanya unasoma damu ya mama yake.

Dada huyo akiwa chanya kwa kinyesi, au kwa damu kwa kiwango kikubwa, basi inaelekea sana mama yao alikuwa na Johne na umeshajua njia. Mtamba mtibu, mnenepeshe, umuuze kwa nyama baada ya siku za kusubiri za dawa kwisha. Dada yake naye akamilishe mkupuo huu wa maziwa kama bado ana afya, asipandishwe tena, atoke. Najua ninachokuambia: hao huenda ni nusu ya banda lako, labda na ada ya shule ndani yake. Nimekaa na wafugaji jikoni kwao tukipiga hesabu hii na si nyepesi. Lakini ng'ombe mmoja anayemwaga vijidudu huweza kuambukiza kila ndama atakayezaliwa humo, na kwenye udongo wenye kivuli na unyevu vijidudu hivyo huweza kuishi karibu mwaka na hata kupita.

Dada akiwa hasi kwa vyote, na mtamba akapona baada ya tiba ya minyoo bapa na kuanza kuongezeka kifua ukimpima kwa utepe kila wiki mbili, mimi ningempandisha, ila kwa uzito, si kwa umri. Kwa chotara ambaye akikomaa hufikia kilo 450, subiri afike kama kilo 270. Apimwe tena akipita miaka miwili, kisha kila mwaka kabla ya kukaushwa maziwa, ili ujue mapema ndama wake wa kufuata umpokee vipi. Dada yake arudiwe vivyo hivyo, maana majibu hasi ya mara moja hayamtoi hata yeye kwenye shaka. Kinachobaki ni ushauri wa jirani wa kuuza haraka. Kumuuza kwa mfugaji mwingine bila kumwambia historia hii ni kumpelekea ugonjwa nyumbani kwake, kama inavyoelekea ulivyoletewa wewe. Hilo sitalishauri hata mara moja.

Yule ndama wa miezi miwili usimngojeshe majibu. Leo mtenge na dada mkubwa, mweke kwenye kizimba kikavu ambacho mkojo na samadi ya wakubwa havimfikii, na apewe maziwa kwa ndoo. Yachemshwe yatokote, yapoe hadi joto la mwili, ndipo anywe. Ndoo yake isitumike kwa wakubwa, na anayemhudumia aanze kwake kabla ya kuingia kwa ng'ombe wakubwa, asirudi na buti zile zile. Kwa ndama watakaozaliwa baadaye, watoe kwa mama mara tu wanapodondoka, kiwele kioshwe na kukaushwa kabla ya kukamua dang'a, na dang'a hiyo itoke kwa ng'ombe usiyemshuku. Dang'a usiichemshe, itaganda na kinga yake itakufa, nawe utampoteza ndama kwa kuhara kwa kawaida ukimkinga na ugonjwa wa miaka ijayo. Samadi ya banda ipeleke kwenye migomba na kahawa. Kwenye majani ya tembo unayokata kwa ajili ya ndama, usiipeleke kabisa.

Kuhusu watoto wa nyumbani: kuna ugonjwa wa utumbo wa binadamu uitwao Crohn ambao unafanana kwa sura na Johne. Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, aliuona mfanano huo mwaka 1913, na wanasayansi wanabishana hadi leo, uhusiano haujathibitishwa. Huna haja ya kukosa usingizi kwa hilo. Kuna sababu kubwa zaidi na za hakika za kuchemsha maziwa, nazo ni kifua kikuu cha ng'ombe na ule ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosisi, ambao humwingia mtu na kumpa homa zisizokwisha. Yachemshe hadi yatokote na kupanda, uyakoroge, yatokote tena dakika chache. Ukifanya hivyo kila siku, wanywe. Maziwa mabichi na mtindi wa maziwa mabichi waache.

Iwapo itafika siku ya kuchinja mmojawapo, iwe mtamba au dada yake, usiruhusu utumbo utupwe kabla hujapata ushahidi ulioukosa kwa mama yao. Mwombe mkaguzi wa nyama au daktari akate kipande cha mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, pamoja na tezi zilizo jirani yake. Utumbo wenye Johne ukiupasua unaona mikunjo minene ndani ambayo haitandazuki hata ukiuvuta. Lakini hata usipoona kitu, nusu ya kipande iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10 na nusu kwenye barafu, ipelekwe maabara. Huo ndio uchunguzi wa uhakika kuliko wote niliokutajia.

Mwite daktari wiki hii kwa ajili ya uharo, na mpange naye siku ya kupima wakubwa. Majibu ya dada yake yakija niandikie umri wake, mwezi aliozaa, na namba ya kipimo iliyoandikwa mbele ya jina lake, si neno "hasi" au "chanya" peke yake.